Sukuma Wiki ya Yasin

Jumatatu, 3 Februari 1997

Nimeitwa ofisini kwa Bwana Shitanda, msimamizi wa majengo ya kampasi. Nilidhani nafutwa. Sikufutwa. Aliniita pamoja na Were, karani mwenzangu. Sote tuko kwenye majaribio, na nafasi ya kudumu ni moja. Bwana Shitanda alisema kiangazi kimezidi, tangi linakauka kabla ya saa sita, na wakubwa wanataka ushauri. Atakayeleta njia bora ya kuokoa maji kufikia tarehe ishirini na moja atapewa barua ya kuajiriwa. Mwingine atafute kwingine.

Were alicheka, akasema hakuna shida, mkubwa. Mimi niliuliza kama ripoti iwe na viambatisho.

Jumanne, 4 Februari

Leo nimefuatilia maji kwa macho. Nyumba zetu huku Lurambi ni milango minne na bafu moja. Wa kwanza ni wangu. Wa pili ni wa Muhonja, mpishi wa bwalo la wanafunzi. Wa tatu, Yasin, dereva, mtu wa Mumias. Wa nne, Were. Maji ya kuoga hutoka kwa kibomba nyuma ya ukuta, yanaingia kwenye majani, basi. Nilichuchumaa pale nikiyatazama yakipotea. Yanaenda wapi? Sabuni huua mmea, au huulisha? Nilisahau chakula cha mchana.

Wazo: maji ya bafu yamwagilie bustani za chuo. Lakini siwezi kumpelekea Bwana Shitanda jambo ambalo sijalipima.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepanda miche ya sukuma wiki nyuma ya bafu. Mistari minne, miche kumi kila mmoja. Kila jirani na mstari wake, unywe maji yake tu. Sabuni hazifanani. Muhonja huoga kwa sabuni ya kufulia, Were kwa ile inayonukia hadi ofisini. Mikebe minne ya kukingia, vibao vinne. Majina kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kosa lisitokee. Mtu akiingia bafuni, nazunguka nyuma na mkebe wake.

Sikumwambia yeyote. Mtu akijua anapimwa hubadilisha tabia. Nilisoma hivyo.

Ijumaa, 7 Februari

Muhonja alisikia mkebe ukigonga ukuta. Aliniuliza kutoka ndani, Karani Andati, unatafuta nini huko na mimi naoga? Nilijibu kwamba nachunguza mfereji. Akasema mifereji ya siku hizi ina bahati, yeye tangu azaliwe hajachunguzwa na mtu wa ofisi.

Were alioga dakika ishirini akiimba. Lita kumi na saba. Mimi, lita sita. Nilifurahi, nikaona aibu, kisha nikafurahi tena.

Jumamosi, 8 Februari

Yasin amekuja kuniaga. Anaenda Mumias kula Idd kwao. Jumanne atakuwa kazini, na ataniletea pilau. Nilimtakia heri, lakini akili ilikuwa kwenye mstari wake. Utakunywa nini?

Nimeamua usinywe kitu. Nikiupa maji ya Muhonja nitakuwa nimedanganya kipimo.

Jumatano, 12 Februari

Yasin hajarudi. Mstari wake umelala chini wote.

Saa kumi Muhonja alienda nyuma kuanika shuka. Nikamkuta amesimama mbele ya kibao cha YASIN, ameshika mkebe wenye jina lake yeye. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alimwita Were, akasema polepole: "Jina la mtu liko hapa. Maji ya mwili wake yamewekwanga kwa mkebe. Mmea unakauka, na mwenyewe haonekani. Nyinyi watu wa shule mnaitanga nini hii?"

Were alisema watu wa shule hawana jina la jambo hili, ila kwao nyumbani lipo. Kisha akauliza mstari wake ni upi. Ulikuwa umestawi kuliko yote. Alivua kofia, akamshukuru Mungu papo hapo.

Nilieleza kwamba huu ni utafiti. Nikawaonyesha daftari. Sikupaswa. Nimeandika humo saa ambayo kila mmoja huoga, dakika alizotumia, na rangi ya maji. Muhonja alisoma ukurasa mmoja, akakaa chini kwenye nyasi.

Alhamisi, 13 Februari

Habari imefika kampasi nzima. Kantini nilibaki na benchi lote peke yangu. Bwaloni Muhonja alinipimia obusuma, ugali wetu, kwa upawa ulioshikwa mbali, akitazama dirishani. Mlinzi wa geti, ambaye hunikagua mkoba kila siku, leo amesema pita tu.

Hofu imeniingia mimi pia. Nimeenda kuangalia mstari wangu mara tatu. Jani moja lina umanjano. Nimejishika paji la uso. Lina joto, nadhani.

Ijumaa, 14 Februari

Nimetoka kazini nikakuta watu kama thelathini mlangoni kwa Yasin. Kuni zimeletwa. Akina mama wa kanisa walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini kama Mwislamu huimbiwa. Bwana Shitanda amesimama kando na tai nyeusi. Hakunisalimu. Niliiona barua yangu ikienda.

Ndipo Yasin akaja kwa miguu, begi begani, shavu limefura kama amebana chungwa. Akasema asalaam aleikum, jamani, poleni sana, nani amekufa?

Mama mmoja akamjibu, "Wewe."

Jino. Lilimwanza Jumatatu, akakaa kwao mpaka likang'olewa. Alipelekwa nyuma akaoneshwa kibao chake. Aliusoma mstari mzima wa miche iliyokauka, kisha akanigeukia. "Ndugu yangu Andati. Mimi nalia na jino Mumias, kumbe wewe huku umeninyima maji?"

Akachota ndoo nzima akaumwagia mstari. Baada ya muda akasema shavu limepoa kidogo. Watu wakatazamana. Sikuandika hilo daftarini. Kisha nikaliandika.

Ijumaa, 21 Februari

Nimewasilisha ripoti. Kurasa thelathini na moja, viambatisho vitano. Bwana Shitanda aliishika kwa ncha za vidole. Aliuliza kama jina lake limo ndani. Nilisema limo, kwenye shukrani. Akaifunga, akaisukuma upande wangu wa meza.

Ripoti ya Were ni nusu ukurasa. Inasema bomba la nyuma ya jikoni limepasuka, lizibwe. Limezibwa juzi. Maji ya tangi sasa yanafika jioni. Bomba hilo nalijua vizuri. Ndipo nilipokuwa nikisuuzia mikebe yangu.

Were amepata barua. Mimi nilikuwa nifungashe, lakini Muhonja alikuja mwenyewe ofisini na aproni yake. Alimwambia Bwana Shitanda kwamba kijana hana ubaya, ni kusoma tu kumemzidi. Nimeongezewa majaribio ya miezi mitatu. Sharti ni moja: nisiguse tena maji ya kuoga ya mtu, na nisiandike jina la mtu kwenye mkebe. Muhonja akaongeza kwamba jambo lingine kama hili na yeye hatanijua. Niliapa. Machozi yalinilenga.

Jumatatu, 24 Februari

Nimefuta majina yote kwa mafuta ya taa. Nimetulia sasa, na naona nilipokosea. Maji ya kuoga ni ya mwili, lazima watu waogope. Maji ya kusuuzia nguo si ya mwili. Hayo hayakukatazwa. Majina hayatakuwapo kabisa, kila jirani nimempa namba. Orodha ya namba ipi ni ya nani nimeifungia kwenye droo, isionekane na mtu.

Limebaki swali moja, nalo limeninyima raha tangu asubuhi: rangi ya nguo hudhuru mmea au la? Nitahitaji kipande cha nguo ya kila mmoja, kidogo tu, ukubwa wa stempu. Muhonja amenitendea wema mkubwa, sitaki kumsumbua kwa kumwomba. Mkasi ninao, na kamba ya kuanikia inapita chini ya dirisha langu.