Shofaji ya Kumpandisha Mama Godelieve Minembwe

Jumatatu, 7 Julai
Mama Godelieve, mzazi wa Georgette ninayekusudia kumposa, atapanda Minembwe Jumamosi kwa harusi ya mdogo wake. Huko juu Julai ni baridi, na magoti yake hayaivumilii. Claver, anayemkusudia Georgette huyo huyo, amejitolea kumpeleka kwa gari lake la jipi. Nikasimama mbele ya ukoo mzima na kutamka kwamba jipi langu lina shofaji: unazungusha kitufe, hewa ya moto inapuliza miguuni. Mama akauliza kama inafanya kazi kweli. Nikajibu kwamba prefe, mkuu wa shule, hasemi asichokihakiki.

Jioni nikakihakiki. Kitufe kwenye nyekundu: hewa baridi. Kwenye buluu: baridi ile ile.

Jumanne, 8 Julai
Uchunguzi kwa utaratibu. Dhana ya kwanza: waya unaovutwa na kitufe umekatika. Nikafungua dashibodi, skrubu kumi na moja. Waya mzima. Nikarudisha skrubu tisa. Mbili hazikuonekana kuwa za lazima.

Jumatano, 9 Julai
Fundi Bukuru ameshika mipira inayopeleka maji ya injini kwenye shofaji. Vuguvugu. Shofaji haina kosa, akasema. Injini haina termosta, kile kifaa kinachozuia maji yasikimbilie rejeta kabla ya kupata moto. Nikataka kujua ni mjinga gani aliyeitoa. Bukuru akatazama chini.

“Ni weye, prefe. Ulisema hapa Baraka hakuna baridi, termosta ni mambo ya Bazungu.”

Hotuba ile nilikuwa nimeisahau. Madereva wote waliifuata. Leo aliyebaki na termosta ni Claver peke yake, na jipi lake ni la aina moja na langu. Iliyomo ni ile yangu. Nilimpa kwa dharau, mbele ya watu.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwomba Claver termosta kwa ajili ya somo la fizikia.

“Batoto beko mu vakansi, prefe, shule imefungwa. Bangoje mi nishuke toka Minembwe.”

Ijumaa, 11 Julai
Nimeziba rejeta kwa katoni ya sabuni. Joto la tanuru. Mama Godelieve amekaa ndani dakika kumi, akavua kitenge mabegani, akasema atapanda na mimi. Claver alikuwa akipita. Nikampungia mkono.

Jumamosi, 12 Julai
Kwenye mlima wa kuingia Fizi injini imechemka. Nikazungusha kitufe kuelekea buluu, kikabaki mkononi. Kumbe kilishikwa na zile skrubu mbili. Mama akateremka akitiririka jasho. Claver akafika polepole, akamfungulia mlango wa jipi lake.

“Magoti yangu iko salama, prefe,” Mama akaniambia akipanda. “Yenye inachemka ni kichwa yako.”

Alhamisi, 17 Julai
Wameshuka. Claver ameleta termosta ndani ya gazeti, pamoja na salamu kwa batoto ba fizikia. Bukuru ameifunga, na skrubu mbili pia. Kitufe kinatii: nyekundu moto, buluu baridi. Lakini mshale wa joto la injini umepanda upana wa unywele. Nikakumbuka kanuni yangu: Baraka hakuna baridi. Nimemwamuru Bukuru aitoe, nikamrudishia Claver mbele ya watu, kwa maelezo mafupi ya dakika ishirini.

Mama Godelieve atapanda tena Agosti kumwona bibi harusi. Nimemwahidi shofaji.