Mlima wa Bibi Hedwig

Jumamosi, 20 Septemba. Jeddah

Habari kubwa! Bosi Salem anafungua tawi Riyadh. Anataka meneja. Wa kufikiriwa ni wawili tu: miye, na Nusra wa hesabu, msichana ambaye hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja. Mtu wa namna hiyo wa kumwogopa.

Bosi anataka kuuza juisi ya zabibu kutoka Ujerumani. Kuna familia moja bonde la Mosel, kazi yao mvinyo, lakini juisi wanaikamua jengo la mbali, kwa mashine yake peke yake. Bosi anataka kuhakikisha haigusani na mvinyo. Sharti lao: mnunuzi kwanza atembee nao shambani. Na shamba liko mlimani. Magoti ya bosi hayawezi. Kauliza nani kati yetu amezoea milima.

Nikasema kila Ijumaa napanda milima ya Taif. Uongo mtupu! Taif nilikwenda harusini tu, na barabara ile ya makona niliipita nimejifunika uso kwa mtandio wa mama.

Bosi kafurahi sana. Kasema tutakwenda sote watatu. Watatu wa nini?

Jumatatu, 22 Septemba. Jeddah

Nimenunua viatu vya mlimani, mtaa wa Sharafiya. Muuzaji kauliza mlima gani. Nimemjibu kwa ukali.

Halafu nikatazama picha za shamba kwenye simu. Lile si shamba, ni ukuta. Wameupanda ukuta mizabibu! Nimekwenda kuvijaribu viatu kwenye ngazi za jengo letu hapa Kandara. Ghorofa ya tatu nikachungulia chini, nikakaa kitako. Jirani kapita, kauliza kulikoni. Nikasema namsubiri mtu.

Jumatano, 24 Septemba. Mosel

Tumefika. Mwenye shamba ni Bibi Hedwig, ajuza mkavu mwenye miguu ya mbuzi. Kavitazama viatu vyangu, kasema kwa Kiingereza cha kubahatisha kwamba ni vipya mno. Nusra kavaa raba zake za kila siku. Hakuambiwa kitu!

Mezani tumetiliwa kinywaji cheusi. Nikakinusa, nikakinusa tena. Bosi kanong'ona: "Abdalla, ni juisi. Kunywa, unatuaibisha." Tamu kweli. Kesho ni mlima.

Nina mpango.

Alhamisi, 25 Septemba. Mosel

Mpango ulikuwa kifundo cha mguu. Mwanzo tu wa njia nikapiga ukelele, nikaanguka. Nilianguka vizuri, lazima niseme. Nusra kanikimbilia: "Pole, kaka Abdalla!" Nikajibu kwa sauti ya mgonjwa kwamba waniache, waende. Wao wangepanda, miye ningeikagua mashine ya juisi, na bosi angepata ripoti yangu kwanza.

Bibi Hedwig kaniambia nisihuzunike, mgeni wake hawezi kulikosa shamba. Kanionyesha kitoroli.

Kitoroli hicho hubebea kreti za zabibu. Kinapanda juu ya reli moja, nyembamba kama mkono wangu, wima, kama mjusi. Nikasema mguu umepona. Hakuna aliyesikia. Mwanawe ameshawasha injini!

Nilisoma kila dua ninayoijua, hata za safari ya baharini. Nikafumba macho. Nikafumbua. Kosa! Mto chini yangu kama utepe. Pembeni Nusra na Bibi Hedwig wakipanda taratibu, wakila zabibu, wakicheka. Nusra kanipungia mkono. Mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania chuma.

Kileleni nikaukumbatia mzabibu. Kitoroli cha kushukia? Mafi, sikipandi tena! Kwa miguu? Nilishasahau ni mguu upi unaouma. Basi nimeshuka kwa makalio, mzabibu hadi mzabibu, juu ya mawe bapa yanayoteleza, Nusra mbele akinionyesha pa kukanyaga. Suruali imechanika nyuma. Wachumaji wameacha kazi kutazama.

Bei? Walishapatana njiani, Nusra na bibi. Bosi aliona yote kutoka kwenye kiti chake uani. Kauliza, "Abdalla, Taif ndiyo unapanda hivi?"

Nikamwambia Taif mawe yake ni makavu.

Jumapili, 5 Oktoba. Riyadh

Nusra ndiye meneja. Miye msaidizi wake. Mwenyewe kamwomba bosi nije. Ofisi iko ghorofa ya kumi na tisa, kuta zote vioo.

Asubuhi kaniita pembeni. "Kaka Abdalla, najua unaogopa mahali pa juu. Si aibu, hata baba yangu yuko hivyo. Huko chini ghalani kuna chumba kizuri. Ukikitaka, chako."

Hakuna aliyetusikia. Ilibaki kusema ndiyo tu. Neno moja!

Nimemwambia kanifahamu vibaya. Ule ulikuwa mguu. Kwanza, nikikaa mbali na dirisha nakosa hewa. Basi kanipa meza ya kona, vioo pande mbili.

Naandika haya chooni. Ndipo pekee pasipo na dirisha. Sasa hivi bosi kapiga simu kutoka Jeddah, kauliza Riyadh inaonekanaje kutoka juu.

Nimemwambia ndiyo kwanza naitazama. Maridadi!