Wagonjwa Elfu Tatu kwa Kitufe Kimoja

Jumatatu, 9 Juni
Bosi ametangaza kwamba Ijumaa atateua mkuu wa majaribio. Tuko wawili tu: mimi, na dada wa meza ya dirishani ambaye ofisi nzima inamwita Bi Taratibu. Tunaujaribu mfumo wa miadi wa zahanati kabla haujaanza kutumika. Tunaingiza wagonjwa wa uongo, jina, umri, ugonjwa, simu, tuone utakwama wapi. Bi Taratibu leo kaandika arobaini kwa mkono. Mimi sita. Wa saba vidole viligoma. Lakini cheo ni changu. Nina mpango.

Jumanne, 10 Juni
Nimetengeneza programu inayobuni wagonjwa yenyewe. Nabonyeza kitufe, naenda kunywa chai, narudi nina elfu tatu. Yumo mwenye umri wa miaka hasi saba. Yumo babu wa miaka tisini mwenye mimba ya pili. Mfumo umewapokea wote kwa heshima. Hitilafu mia tatu na kumi na mbili kabla ya saa sita! Nikampelekea bosi orodha. Bi Taratibu akaichungulia, akasema kwa upole kwamba hiyo ni hitilafu moja, mfumo haukagui taarifa unazopewa, nami nimeihesabu mara mia tatu na kumi na mbili. Bosi akacheka. Dada huyu ananionea gere, liko wazi.

Jumatano, 11 Juni
Kikwazo. Leo mfumo umeunganishwa na mtandao wa simu, na unakataa namba isiyo hai. Bi Taratibu kaomba namba maalumu za majaribio, atazipata baada ya siku mbili. Pole yake. Mimi nimeipa programu majina na namba zote za ukweni kutoka kwenye simu yangu. Dakika mbili, kazi kwisha. Akaniuliza kama nimezima sehemu ya kutuma ujumbe. Nikamwambia asinifundishe kazi. Kusema kweli, sikujua kama ipo.

Alhamisi, 12 Juni
Ipo.
Mama mkwe kapokea jumbe mia moja na nne, kila mmoja na jina la ofisi yetu chini. Wa kwanza ulimkumbusha kliniki ya wajawazito. Wa tisa ulimpongeza kwa mapacha. Kufika wa hamsini alikuwa na miaka minne na alitakiwa kuja na mzazi. Saa nne asubuhi akaingia ofisini, mkoba kwapani. Nyuma yake baba mkwe, ambaye kwa sababu ya goti hatoki hata kibarazani. Alitaka kujua mapacha ni wa nani.
Mama mkwe akavaa miwani, akasoma ujumbe mmoja mmoja kwa sauti. Alipomaliza akanitazama. “Mwanangu, kama umenichoka, si ungesema tu?”
Nikakosa pa kuficha uso. Bi Taratibu akamletea maji, akamwomba simu, akasoma upya zote mia moja na nne, kalamu mkononi. Wa themanini ulikuwa na jina la mama mkwe, lakini miaka tisini na mimba ya pili ni za yule babu wa Jumanne. Mfumo ulikuwa unapeleka siri ya mgonjwa mmoja kwa mwingine. Wangekuwa wagonjwa wa kweli, watu wangeumbuka. Bosi akakaa chini taratibu.

Ijumaa, 13 Juni
Mkuu wa majaribio ni Bi Taratibu. Kamwambia bosi kwamba bila programu yangu hitilafu ile isingeonekana, kwa hiyo nisifukuzwe. Nimebaki, kwa sharti kwamba kila nitakachotuma akisome kwanza yeye.
Mke wangu anasema niende kwa mama yake leo hii, nipige magoti, niombe radhi kwa mdomo wangu. Hajafikiri vizuri. Nitajuaje maneno gani yatamlainisha? Nimetengeneza programu inayobuni maneno ya radhi, elfu tatu, na kuyatuma moja baada ya jingine mpaka mtu ajibu kwamba amesamehe.
Safari hii nimekuwa mwangalifu. Sikuanza na mama mkwe. Kwa majaribio nimeweka namba ya baba mkwe, na sehemu ya kutuma ujumbe nimehakikisha mwenyewe kwamba imewashwa.