Msalaba Ndani ya Kaptura

Jumatano, 3 Januari
Nimefika Volos kwa treni kutoka Larisa. Upepo wa bahari unakata masikio. Bandari nzima inacheka isipokuwa mimi. Mke wangu Fotini yuko kwao hapa tangu Septemba. Aliondoka akisema amechoka na ujanja wangu. Ujanja gani? Nimepiga simu mara saba. Mara zote mama yake akasema Fotini anaoga.

Alhamisi, 4 Januari
Nimepata njia! Jumamosi ni Epifania, sikukuu ya ubatizo wa Yesu. Askofu atatupa msalaba baharini, na atakayeuibua atapita nao nyumba kwa nyumba watu waubusu. Siku hiyohiyo ni sikukuu ya jina la Fotini, siku ya kupokea wageni wanaokuja kumtakia heri. Nikibisha hodi na msalaba mkononi, mama mkwe atanifukuza vipi?
Tatizo ni Argiris, muuza pweza. Ameuibua miaka mitatu mfululizo, na siku hizi pweza wake wanaishia jikoni kwa Fotini. Leo akaniuliza mbele ya wavuvi kama nimekuja kuogelea au kuzama. Nitamkomesha.

Ijumaa, 5 Januari
Nimenunua msalaba wa mbao duka la nyuma ya kanisa. Nitauficha ndani ya kaptura, nizame, niibuke nao kabla ya wengine. Unachoma kiunoni. Nitauzoea.

Jumamosi, 6 Januari
Aibu. Nimeibuka wa kwanza, watu wakashangilia. Kisha akaibuka Argiris na wake. Wa fedha, una utepe wa buluu. Wangu una kibandiko cha bei. Askofu akanitazama weee, akasema, "Mwanangu, toka majini usije ukaugua."
Nikaenda kwa Fotini hivyohivyo, nimelowa. Mlango wazi! Wazi kwa kila mtu, maana siku ya jina lako humfukuzi mgeni. Akaniletea kijiko cha jamu ya cheri kwenye kisahani, kama alivyomletea jirani na mtu wa posta. Nikamtakia miaka mingi. "Asante, Bwana Stergios," akasema. "Karibu tena mwakani."
Miaka kumi na moja ya ndoa, leo mimi Bwana Stergios. Nikalamba kijiko, nikatoka.

Jumapili, 7 Januari
Nimeapa: ujanja basi. Nimefungasha, nimefika stesheni. Hapo nikamsikia mkata tiketi akipewa heri ya jina. Leo ni Mtakatifu Yohana, na baba mkwe anaitwa Yanis, yaani Yohana. Mlango utakuwa wazi tena.
Nimerudisha sanduku. Kibandiko cha bei nimekibandua. Sasa natafuta utepe wa buluu.