Kiuno cha Bosi

Jumatatu, 4 Mei

Mzee wa Futi anaacha kazi! Miaka nenda miaka rudi amekuwa mpimaji wa kiwanda chetu cha ushonaji, futi ikimning'inia shingoni, na leo katangaza kwamba anakwenda kukaa na wajukuu. Nafasi iko wazi. Mimi ni mpiga pasi. Mpimaji hukaa na wateja, mpiga pasi hukaa na mvuke.

Lazima niipate. Si kwa tamaa. Ni kwamba mwezi uliopita nilimwambia mama mkwe kuwa mpimaji ni mimi. Aliniuliza mbele ya mashemeji zangu kazi inakwendaje, ulimi ukateleza. Sasa anakuja Jumamosi kwenye sherehe ya Bosi ya kufungua duka la pili, kumwona mkwe wake na futi shingoni. Mke wangu anaujua ukweli. Ananijibu kwa mkato tangu siku ile.

Mshindani ninaye mmoja tu, dada anayekata vitambaa. Tunamwita Kimya. Hasemi. Anakata. Watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Lakini mimi nina akili. Nimesoma kwenye kijitabu cha kujifunzia Kiingereza kwamba Waingereza wakitaka kupendwa na mkubwa humpaka siagi. Si kwa kisu, kwa maneno. Nikamweleza mke wangu. Akasema hakuna jipya hapo, sisi tunaita kumvika mtu kilemba cha ukoka, na aliyevikwa hutamba nacho vizuri tu mpaka akutane na mbuzi.

Hana imani na mimi. Kesho naanza kupaka.

Jumanne, 5 Mei

Siagi ya kwanza asubuhi, mlangoni. Nikamsifu Bosi viatu. Nikasema viatu vile vinamfaa mtu wa hadhi yake peke yake. Akasema vyake vimekatika njiani, hivi ameazima kwa mama anayefagia.

Siagi ya pili, saa nne. Nikamsifu sauti, nikasema leo ina uzito wa uongozi. Akasema ana mafua.

Nilirudi kwenye pasi nikiwa na jasho ambalo si la pasi. Kisha mchana akatukusanya. Mpimaji mpya atatangazwa Jumamosi mbele ya wageni. Bosi yuko tayari kumpa jaribio kila anayeitaka kazi: kesho mimi nitampima yeye mwenyewe kwa ajili ya gauni la sherehe, Kimya atalikata, na gauni ndilo litakalotoa ushahidi.

Kumpima Bosi! Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 6 Mei

Mzee aliniazima futi. Mabega, sawa. Mikono, sawa. Kifua, nikasoma nikiwa nimefumba jicho moja kwa heshima. Halafu kiuno.

Futi ikasema neno ambalo mtu hamwambii anayeshika riziki yake. Bosi alikuwa amebana pumzi. Akauliza polepole, macho dirishani, kama kimebadilika tangu mwaka jana.

Nikasema kimepungua. Inchi nne.

Alicheka kama msichana. Akasema Mzee kila mwaka humwambia kinaongezeka. Nikasema pengine futi ya Mzee imechoka. Akanipiga begani mara mbili na kuniita kijana wangu. Mimi, mwenye mvi tayari!

Nikampelekea Kimya namba. Akaitazama. Akaniuliza kama nina hakika. Ni swali refu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. Nikamwambia kila mtu afanye kazi yake.

Alhamisi, 7 Mei

Kitambaa kimekatwa. Ni satini. Nimeigusa. Satini ile haivutiki hata kidogo.

Jana sikuliwaza hili. Jana niliwaza bega langu. Leo nimekalia kuti kavu na nalisikia likilia. Njia ni mbili tu: gauni likue au Bosi apungue.

Nikaanza na Bosi. Chai ilipokuja, nikaisogeza mbali sahani yake ya keki. Nikamwambia kiuno kama kile ni cha kulindwa. Akasema mwenye kiuno kama kile hana haja ya kujinyima. Akala vipande viwili, akaagiza cha tatu.

Siagi yangu mwenyewe inamnenepesha. Sikuweza kula chakula cha mchana. Anayepungua hapa ni mimi.

Ijumaa, 8 Mei

Gauni limeletwa kwenye meza yangu lipigwe pasi. Tukabaki wawili. Nikalipulizia mvuke, nikashika upande huu kwa mkono, upande wa pili nikaukandamiza kwa goti, nikavuta. Uzi ukalia. Nikaacha. Nikavuta tena kidogo.

Kimya aliingia goti langu likiwa bado mezani. Nikasema nanyoosha mikunjo. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko matusi.

Bosi akataka kulijaribu. Nikamwambia gauni la heshima huvaliwa siku yenyewe, likijaribiwa mapema linapoteza mng'ao. Akaniamini! Ananiamini kwa kila kitu sasa. Ndiyo shida yenyewe.

Nyumbani mke wangu alinisihi niseme ukweli kabla ya kesho. Akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia mimi sitafuti mtoto, natafuta futi. Akaenda kumtandikia mama yake kitanda.

Naogopa. Naandika wazi, kwa kuwa hapa hakuna wa kumsifu. Naogopa sana.

Jumamosi, 9 Mei

Viti vimejaa. Mama mkwe mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani, akiwaonyesha majirani zake wawili: yule pale, mkwe wangu, mpimaji. Nikapunga mkono.

Bosi akaingia chumba cha kujaribia nguo. Halafu akaniita.

Zipu ilikuwa imefika katikati na kugoma. Akaniuliza: "Ulinipima kweli?"

Nikasema pengine ni furaha, Bosi, furaha humvimbisha mtu.

Kimya akaingia na mkasi mdogo, sindano na uzi. Hakuniangalia. Akafumua ubavu wa kulia, akafumua wa kushoto, na ndani ya kila mshono kulikuwa na kitambaa cha ziada, kipana, kimekunjwa vizuri. Aliacha akiba tangu siku ya kukata. Hakuiamini namba yangu hata dakika moja. Akaanza kushona upya Bosi akiwa amesimama, mikono juu, wageni wakisikika wakikohoa nje.

Bosi akasema, bila kunigeukia: "Mzee alikuwa ananikera kila mwaka. Lakini sijawahi kukosa nguo ya kuvaa."

Niliona aibu. Aibu ya kweli.

Mbele ya wote futi ikavishwa shingo ya Kimya. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe hakupiga. Aligeuka taratibu akanitafuta, na akanipata.

Jumatatu, 11 Mei

Nimerudi kwenye mvuke. Bosi hakunifukuza. Kasema pasi yangu haijawahi kudanganya mtu.

Mama mkwe alikaa siku nzima ya jana bila kuniita hata kwa kuagiza maji. Asubuhi hii akasema twende kiwandani sote watatu, yeye, mke wangu na mimi. Njiani akanieleza kwamba futi haimuumi. Kinachomuuma ni majirani, ambao ameshawaambia. Basi anataka ashonewe gauni, na vipimo nivisome mimi, ili akirudi kwao aseme nimemhudumia na yasiwe maneno ya uongo. Nilitaka kulia. Nikaapa mbele ya mke wangu: kuanzia leo ukweli mtupu, utake usitake.

Mkwe hampimi mama mkwe, adabu haikubali. Kimya ndiye aliyemzungushia futi. Mimi nilisimama kando, kazi yangu kusoma namba kwa sauti. Mabega nikasoma sawasawa. Mikono sawasawa. Kimya akaitikia kwa kichwa kunitia moyo. Bosi alisimama mlangoni kusikiliza. Nilijisikia mtu mpya.

Tukafika kiunoni. Namba niliiona vizuri, mchana kweupe. Mama mkwe akabana pumzi, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na macho yake yalikuwa na kamsamaha kadogo.

"Ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia, mama, lakini wewe siku hizi unakula kweli?