Njia ya Nyuma ya Zizi

Jumatatu, 10 Januari 1994

Siku ya tisa tangu tuhame Dar es Salaam. Leo nimeogopa mara kumi na moja, na ni saa nane mchana tu. Naandika nikiwa nimejibanza nyuma ya kihenge cha bibi.

Niandike kwa nini tuko hapa. Kiwanda cha nguo alikokuwa akifanya kazi baba kilipunguza watu, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Mwenye nyumba wetu wa Buguruni akapandisha kodi, akasema ni soko huria. Baba akasema kama ni uhuru, basi na sisi tuko huru kuondoka. Tukapanda treni hadi Shinyanga, kisha lori la chumvi hadi hapa kijijini kwao, saa moja kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini. Baba, mama, mdogo wangu Minza, magodoro mawili na mimi.

Kuta za nyumba yetu mpya zimeshasimama. Jumamosi ya tarehe 22 kijiji kizima kitaleta nyasi kutuezekea, bure. Mpaka siku hiyo tunabanana kwa Bibi Nyanjige, mama yake baba.

Fisi siwaogopi sana. Naogopa salamu. Buguruni unaweza kumaliza kidato cha nne bila kumsalimia mtu. Hapa safari moja ya kisimani ni watu ishirini, na ukiwa msichana, kila mmoja unampigia magoti. Ukishasema mwangaluka, salamu ya Kisukuma, ndiyo kwanza umeanza. Unaulizwa wewe ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, huko ulikotoka ni salama, ng'ombe hawajambo. Hatuna ng'ombe! Leo Mzee Luhaga, jirani yetu, aliniuliza hilo la ng'ombe, nikachanganyikiwa, nikamjibu wanakusalimia.

Minza ana miaka tisa. Amezijua salamu zote kwa wiki moja. Anarudi kisimani na michembe kwenye kanga, vile viazi vya kukausha, zawadi ya kusalimia vizuri. Ananigawia huku ananitazama kwa huruma. Simpendi.

Jumatano, 12 Januari

Nimepata ufumbuzi! Nyuma ya zizi la Mzee Luhaga kuna kijia chembamba, kati ya ua wa minyaa na shamba la pamba. Ni mzunguko mara tatu ya njia ya kawaida, lakini hakuna mtu. Nimechota maji mara mbili bila kufungua mdomo. Walipotokea wanawake wawili nilichuchumaa kwenye minyaa mpaka wakapita.

Hii ndiyo faida ya kusoma.

Ijumaa, 14 Januari

Ndama wa Mzee Luhaga amekufa. Mwenyewe anaapa kwamba jana alikuwa mzima kabisa.

Minza kaja na habari kutoka kisimani. Nyuma ya zizi zimekutwa nyayo, na si za katambuga, vile viatu vya matairi wanavyovaa watu wote hapa. Nyayo zina nyota katikati. Kijiji kizima kinamtafuta mwenye nyota.

Nimevua raba zangu, nikazigeuza.

Nyota. Zote mbili.

Jumamosi, 15 Januari

Nimewaza kitaalamu. Nikipita kijia kile kinyumenyume, nyayo zitaonyesha mtu anayetoka kisimani kuja kwetu, wala si mtu wa kwetu anayekwenda kisimani. Lawama itahamia kwa watu wa upande ule. Ningeweza kupita pekupeku, lakini kuna miiba.

Saa nne asubuhi nikaanza, ndoo kichwani, nikirudi nyuma hatua kwa hatua. Nilikwenda vizuri sana mpaka mgongo wangu ukagonga kitu laini.

Alikuwa Mzee Luhaga. Alikuwa amekaa pale tangu alfajiri, akimvizia mwenye nyota.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusalimia. Nilikimbia. Safari hii uso ukiwa mbele.

Jumapili, 16 Januari

Amekuja mtemi wa sungusungu, Mzee Nkinda, pamoja na walinzi wenzake watatu, pinde mabegani. Amesema Jumatano kutakuwa na dagashida, mkutano wa kijiji kizima, na tutakaojadiliwa ni sisi. Binti wa Masele, yaani mimi, hajamsalimia mtu vizuri tangu afike. Binti wa Masele hupita nyuma ya mazizi ya watu. Binti wa Masele hutembea kinyumenyume.

Baba alisema nilikuwa nakwenda kuchota maji tu. Mzee Nkinda akamuuliza kama huko Dar siku hizi maji huchotwa kwa kisogo.

Mama akauliza adhabu yake ni nini. Kutengwa. Maana yake hakuna mtu atakayetusalimia, wala atakayejibu salamu yetu, mpaka kijiji kiamue tena.

Hakuna mtu atakayenisalimia! Nimeirudia sentensi hiyo mara nne. Nimekuja nyuma ya kihenge ili wasinione ninavyotabasamu. Jumatano sitasema neno. Nitatengwa kwa amani.

Jumatatu, 17 Januari

Nilimuuliza Minza, nikijifanya sijali, kutengwa kukoje. Sikumaliza chakula.

Aliyetengwa hachoti maji kwenye kisima cha wenzake. Hasagiwi unga mashineni. Akifiwa anazika mwenyewe. Na hakuna atakayeleta nyasi Jumamosi. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, na kuta zetu zimeanza kumomonyoka. Baba amezifunika kwa magunia, amesimama huku ameyashikilia kwa mikono miwili. Chumba chetu cha Buguruni kina watu wengine. Hatuna pa kurudi.

Kuna lingine, baya zaidi. Bibi ana macho mekundu, ya moshi wa jikoni wa miaka sitini, na huku macho mekundu husemwa ni ya mchawi. Leo adhuhuri nimemkuta amejifungia kwa ndani, amekaa juu ya kinu mchana mweupe. Nilimuuliza anaogopa nini. Akasema, mjukuu wangu, watu wakiona mtoto anatembea kinyumenyume hawamuulizi nani kamfundisha. Wanatazama ni bibi gani anaishi naye. Akasema kulikuwa na mwenzake ng'ambo ya mto, walicheza pamoja utotoni. Hakumalizia.

Nilidhani najua kuogopa. Nilikuwa sijui.

Jumanne, 18 Januari

Baba amesema lazima nijieleze mwenyewe. Mtu mwingine akinisemea, watasema bibi kanifunga mdomo. Watu zaidi ya mia mbili!

Lakini nina mpango. Barua! Nimeiandika kama tulivyofundishwa, anwani juu kulia, YAH: SABABU ZA KUPITA NYUMA YA ZIZI. Nitamkabidhi Mzee Nkinda kwa mikono miwili, kisha nitakaa chini. Nimeandika ukweli wote, hata wa aibu, kwa kuwa barua ni siri kati ya anayeandika na anayeandikiwa. Na hilo tulifundishwa.

Jumatano, 19 Januari

Mzee Nkinda hajui kusoma.

Alimpa barua Mwalimu Mayige. Mwalimu Mayige ndiye anayeongoza gwaride shuleni. Alipanda juu ya jiwe, akasoma yote kwa Kiswahili, halafu akairudia yote kwa Kisukuma. Alisoma nilivyochuchumaa kwenye minyaa. Alisoma ile ya ng'ombe wanakusalimia. Alisoma kwamba namwogopa Mzee Luhaga kuliko fisi, kwa sababu fisi haulizi ukoo.

Nilimshika bibi mkono.

Ndipo Mama Felisita, yule mnene wa karibu na mashine, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikwa asianguke. Anauliza, huyu mtoto anakimbia mwangaluka? Mwangaluka inauma? Kicheko kikaenda mstari hadi mstari, hadi kwa wenye pinde.

Mzee Luhaga hakucheka. Alisimama akasema, chekeni, lakini ndama wangu bado amekufa. Mkewe naye akasimama nyuma yake, akasema ndama alikuwa anaharisha tangu Jumatatu ya wiki ile, nilikwambia baba nanihii, ukasema atapona mwenyewe. Wakacheka upya. Mzee Luhaga akakaa.

Uamuzi: hatutengwi. Bibi hana neno. Lakini Mzee Nkinda akasema deni la salamu nitalilipa. Nisalimie kila aliyekuwepo, palepale, mmoja mmoja, kwa magoti. Kisha kila siku kaya zote arobaini, kwa mwezi mzima.

Nimepiga magoti mara mia mbili na kumi na tatu. Minza alihesabu kwa sauti. Wa mwisho alikuwa Mzee Luhaga. Aliniuliza ng'ombe wetu hawajambo. Nikasema hatuna ng'ombe, baba. Akasema, haya, sasa umesalimia.

Jumamosi, 22 Januari

Wamekuja wote! Wanaume juu ya paa, wanawake na mafungu ya nyasi kichwani, Mzee Luhaga mwenyewe akifunga kamba na kumwambia baba kwamba mikono ya kiwandani haijui fundo. Walimaliza saa nane. Mvua ilianza saa tisa, nasi tulikuwa ndani, na halikudondoka tone.

Bibi alikaa mlangoni kwake siku nzima, mlango wazi, akisalimiwa na kila anayepita.

Nililia kidogo. Nimejiapiza kubadilika kabisa.

Jumatatu, 24 Januari

Leo kaya thelathini na tisa. Ya arobaini nilijificha. Sauti imekauka. Magoti hayana ngozi. Mama Felisita huniambia nirudie, eti nimesalimia kama mbu. Na bado wiki karibu nne!

Nimewaza. Mzee Nkinda alisema nisalimie kaya zote. Hakusema wenyewe wawe wameamka. Nikipita alfajiri, nikaunong'oneza kila mlango mwangaluka, hesabu inatimia na hakuna atakayeniuliza ukoo.

Shida ni njia kubwa, wachungaji huamka mapema. Lakini leo nimegundua kijia kizuri sana, kimya, kinachozunguka nyuma ya zizi la Mama Felisita. Safari hii nitavua raba. Mtu anajifunza.

Ana ng'ombe mmoja anayekaribia kuzaa, lakini hilo halinihusu.