Majani ya Uzio na Kanyagio Kaidi

Jumatatu, 4 Machi
Jani jingine la chuma limeharibika. Nyundo ya upepo imelitandaza hadi likawa karatasi. Kosa si langu, ni la kanyagio. Ukiligusa halisikii; ukiongeza kidogo linashusha nyundo yote kama lina ugomvi na mtu. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akilikanyaga, mimi nikishika koleo. Aliketi kwenye kigoda, kisigino chini, akitazama kiwiko changu badala ya chuma. Nyundo ilidonoa kama kuku. Sasa nakanyaga mwenyewe, na majani haya ni ya uzio wa kaburi lake. Ukoo unakusanyika kaburini Jumapili.

Mama mkwe amepita kuuliza nimefikia wapi. Nikasema bado kidogo. Akatazama rundo la majani yaliyoharibika, akasema Cheche, mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara, angemaliza kwa siku moja, kwa mabomba. Mabomba! Mke wangu azungushiwe kama zizi.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua tatizo. Springi ya kanyagio ni ngumu mno. Nimeng'oa ya mlango wa jikoni, laini kabisa. Kanyagio limeshuka vizuri. Halikupanda. Nyundo ikagonga peke yake, jani likaenda, ncha ya koleo ikafuata, nami mbio kufunga upepo.

Binti yangu, fundi cherehani, amerudi kutoka kazini akakuta mlango wa jikoni haufungiki. Hakuuliza. Akasema tu kwamba angeweza kunikanyagia. Nikamwambia cherehani na nyundo ni mbingu na ardhi. Kwa kweli sitaki mtu akikalie kile kigoda. Hilo sikumwambia.

Alhamisi, 7 Machi
Nimerudisha springi ngumu na kurefusha kanyagio kwa nondo iliyozunguka nyundo nzima. Nondo ndefu, mguu mwepesi. Hesabu safi.

Kabla sijaijaribu, mama mkwe ameingia na kutua kikapu chake juu ya nondo. Nyundo ikaamka. Sikujua kwamba kwa umri wake anaweza kuruka vile. Alipopata pumzi akasema, taratibu sana, "Mkwe, kaburi langu mimi halina haraka. Shughulikia la mwenzako."

Akatoka moja kwa moja hadi kwa Cheche.

Ijumaa, 8 Machi
Cheche ameonekana makaburini na futi ya kupimia. Baadaye akaja kunisalimu, eti ujirani. Akalizunguka kanyagio langu mara mbili, akanipa pole, akasema hii nyundo inataka dereva mwenye leseni. Nimemsindikiza kiungwana hadi mlangoni.

Alipoondoka nimeweka ubao chini ya kanyagio lisizame sana. Sasa nyundo inapapasa chuma kama daktari anayetafuta panapouma. Hakuna jani lililoharibika leo. Hakuna lililotoka pia.

Jumamosi, 9 Machi
Binti ameingia bila kubisha, akautoa ubao, akakaa kwenye kigoda. Nikamwambia anyanyuke. Hakunyanyuka.

"Baba, mama hakuwa akikanyaga. Alikuwa anaegemeza tu vidole. Wewe unalipanda kama unapanda basi. Lete chuma."

Nikaleta. Nyundo ikadonoa. Jani likatoka jembamba pembeni, nene katikati, kama yale ya zamani. Nikaleta kingine. Nilipogeuka kwenye moto nikasahau, nikamwita kwa jina la mama yake. Akaitika, "Abee," akasubiri chuma. Tumemaliza uzio kabla ya giza.

Jumapili, 10 Machi
Uzio umesimama. Mama mkwe ameshika jani moja baada ya jingine, mwisho akaegemeza kipaji cha uso kwenye chuma. Kisha akanishika mkono. Cheche naye alikuwepo. Akaniuliza kwa sauti ya chini nimefanyaje. Nikamweleza kwa kirefu: ni nondo ile. Ilihitaji siku chache tu kuzoeana na springi. Binti akapatwa na kikohozi.

Njiani kurudi amesema atakuwa anakuja kila Jumamosi kunikanyagia. Nimemwambia asihangaike, dawa nimeshaipata. Nitang'oa kanyagio na kuhamishia kazi yake kwenye goti. Goti ni tulivu kuliko mguu, mtu yeyote anajua. Kesho asubuhi nalipima.